Lenzi ya Kale na Lenzi ya Sasa

Mwenye miguu huisogelea picha yake kwa miguu. Mpiga picha wa harusi akitaka uso wa bibi harusi huomba njia kati ya mashangazi, akapiga hatua tatu mbele. Akitaka ukumbi mzima hurudi nyuma mpaka mgongo wake ukaguse ukuta. Lakini katika mbuga ya wanyama miguu si mali ya mpiga picha. Kanuni za hifadhi humtaka akae ndani ya gari, na gari nalo hutakiwa lisiache njia yake. Simba akilala hatua mia mbali, hatua hizo zitabaki kuwa mia. Kwa hali hiyo lenzi ndiyo hufanya kazi ya miguu. Na lenzi ya kuvuta, ambayo kwa mzunguko mmoja au msukumo mmoja wa mkono huleta karibu kilicho mbali na kukirudisha mbali kilicho karibu, ndiyo mwendo wenyewe wa mtu aliyekatazwa kutembea. Si ajabu basi kwamba watu hubishana juu yake kwa ukali ambao mtu wa nje huuona umepita kiasi.

Ubishi wenyewe ni wa namna mbili za kutengeneza, ya zamani na ya sasa. Wapenzi wa zamani husema kwamba chuma kilikuwa chuma na kioo kilikuwa kioo. Wapenzi wa sasa hujibu kwamba chuma hakipigi picha. Pande zote mbili huwa na haki kwa kiasi, na pande zote mbili husahau kuuliza jambo la kwanza, nalo ni kamera gani iliyo mkononi mwa anayenunua, na fedha hiyo ilikuwa itoke iende wapi kama isingalikwenda dukani.

Lenzi hizi hazikuzaliwa na heshima. Mwaka 1959 kampuni ya Voigtländer ya Ujerumani ilitoa Zoomar, lenzi ya kwanza ya kuvuta kwa kamera za picha za mnato za filamu ya milimita 35, nayo ilibuniwa na Frank Back. Uwezo wake ulikuwa milimita 36 hadi 82, masafa ambayo hayamfikishi mtu kwa simba. Mwaka huo huo Nikon ya Japani ikatangaza yake ya milimita 85 hadi 250, na hiyo yaweza kuitwa mama wa lenzi za kuvuta za masafa marefu tunazozijua. Ilikuwa ndefu, nzito, na yenye kuhitaji subira. Kwa miaka mingi baada ya hapo fundi aliyejiheshimu alibeba lenzi tatu au nne za urefu mmoja mmoja, akaiacha ya kuvuta kwa watu aliowaona wavivu.

Dharau hiyo ilikuwa na sababu. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha nuru kiasi cha asilimia 4. Lenzi ya urefu mmoja yaweza kuwa na nyuso chache tu za namna hiyo, ila lenzi ya kuvuta huwa nazo nyingi, kwa kuwa baadhi ya makundi ya vioo vyake hayana budi kutembea kwa mwendo mbalimbali ili taswira isipoteze makali yake wakati wa kuvutwa. Chukua lenzi yenye makundi 16 ya vioo. Hiyo ina nyuso 32. Kama zingaliachwa uchi, nuru iliyoingia mbele ingalifika nyuma robo yake na kidogo juu. Na ile iliyosalia isingalipotea kwa amani, bali ingalizunguka ndani ya mwanzi na kuipa picha weupe wa maziwa yaliyomwagiwa maji. Utando mwembamba wa kuizuia nuru isirudi, aliouvumbua Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935, ndio uliofanya lenzi ya vioo vingi iwezekane. Baadaye hesabu za njia ya nuru zikahama kutoka karatasini zikaingia katika kompyuta, na vioo vya aina mpya vikapatikana, hata madini ya floraiti yakaanza kukuzwa viwandani ili yafanye kazi ambayo kioo cha kawaida hakiiwezi, yaani kuzikutanisha rangi zote za nuru mahali pamoja. Kwa hiyo lenzi inayoitwa kongwe leo si ya kizazi cha kwanza hata kidogo. Ni mjukuu aliyepata mjukuu.

Kisa cha kijana mmoja wa Arusha chafaa kutazamwa kwa kituo, maana ndani yake ubishi huu ulikuwa na bei. Kijana huyo alikuwa dereva wa watalii. Kwa misimu mitatu alikuwa ameweka akiba kwa shabaha mbili: kununua lenzi ya kuvuta, kwa kuwa kambi moja ilikuwa imemwahidi kununua picha zake, na kuezeka upya nyumba ya mama yake Muheza, ambayo mabati yake yalikuwa yamekwisha kuwa chujio. Kamera alikuwa nayo, ya Canon, ya aina yenye kioo cha kupinduka ndani, aliyoachiwa na mgeni kwa bei ya huruma. Lenzi alizoweza kuzifikiria zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya mjomba wake wa Tanga, mzee aliyewahi kuwa na studio na aliyezunguka Saadani na Mkomazi wakati nguvu zikimruhusu. Ilikuwa Canon EF ya milimita 100 hadi 400, ya muundo uliotoka mwaka 1998, ambayo huvutwa kwa kusukuma na kurudisha kama bomba la baiskeli. Ya pili ilikuwa mrithi wake, muundo uliotangazwa mwaka 2014, wenye masafa yale yale, lakini huvutwa kwa kuzungusha pete. Hiyo aliiona kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika. Ya tatu ilikuwa ya mwaka 2020, RF ya milimita 100 hadi 500, iliyoingia sokoni Marekani kwa dola 2,699, mbali na ushuru na nauli. Aliwahi kuishika asubuhi moja katika gari lake mwenyewe, kwa hisani ya mgeni aliyechoka kupiga picha akataka chai.

Tofauti ya kusukuma na kuzungusha ndiyo iliyozua maneno mengi kuliko zote, na yamkini ndiyo isiyostahili. Wanaoikataa lenzi ya kusukuma huiita mvukuto wa mhunzi. Husema kwamba kila isukumwapo huvuta vumbi ndani. Katika mbuga kavu za kaskazini mwezi wa Septemba maneno hayo hutisha. Lakini fikiri: lenzi yoyote inayorefuka ikivutwa hana budi aliyeishika kujua kwamba inameza hewa, na kiasi cha hewa hufuata kurefuka kwake, hakifuati kama mkono ulisukuma au ulizungusha. Ya mwaka 2014 hurefuka. Ya mwaka 2020 hurefuka. Tofauti iko katika mipira ya kuzuia vumbi, ambayo imekuwa bora, na katika kasi ya mkono. Kwa upande mwingine mwendo wa kusukuma una fadhila yake ambayo hakuna pete iliyoifikia. Nyumbu wanapovuka mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, mamba huweza kutokea upande ambao hakutazamiwa. Mwenye lenzi ya kusukuma huirudisha kutoka 400 hadi 100 kwa pigo moja, akaona mto mzima, kisha akaivuta tena juu ya shabaha mpya. Mwenye pete hana budi kupindua kifundo cha mkono. Mjomba alikuwa akiisifu sifa hiyo kwa haki.

Kuna lenzi ambazo hazirefuki kabisa, kwa kuwa vioo hutembea ndani ya mwanzi usiobadilika. Canon EF ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu kubwa la namba 2.8, ya mwaka 1995, ilikuwa hivyo. Mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ikatoa ya RF inayorefuka, fupi mfukoni na nyepesi, ikisifiwa kuwa ndiyo njia mpya. Na mwaka 2024 ikatoa nyingine ya RF isiyorefuka. Yaani mtindo wa zamani ulirudi mlangoni ukiwa umevaa kanzu mpya, na wale waliokuwa wameuzika wakaupokea bila kuona haya. Mnunuzi anayedhani kwamba miaka hutembea upande mmoja tu angefaidika kukitazama kisa hicho.

Mahali ambapo miaka imetembea kweli ni katika kituliza mtetemo. Mwaka 1995 Canon ilitoa lenzi ya kwanza ya kubadilishana kwa kamera za namna hii yenye kituliza ndani yake, ya milimita 75 hadi 300. Ndani yake kundi la vioo husogea kinyume cha mtikisiko wa mkono, likiongozwa na vipima mwendo vidogo. Kanuni ya zamani ya wapiga picha yasema kwamba lenzi ya milimita 400 isipigiwe kwa mkono polepole kuliko sehemu moja ya 400 ya sekunde. Kituliza cha lenzi ya 1998 kilidaiwa kuongeza hatua 2, yaani mtu aweza kushuka hadi sehemu moja ya 100. Cha 2014 hatua 4, yaani sehemu moja ya 25. Na cha 2020 hatua 5. Kile cha kwanza tena chataka kuzimwa lenzi iwekwapo juu ya miguu mitatu, la sivyo chenyewe hutafuta mtetemo usiokuwapo.

Walakini hapo pana mtego. Kituliza humtuliza mpiga picha, hakimtulizi swala. Duma akikimbia, kasi ya sehemu moja ya 25 ya sekunde itatoa mchirizi wa rangi ya mchanga, hata kama mkono umetulia kama wa maiti. Kwa picha za mwendo lenzi zote tatu hurudi karibu na usawa, na kinachozitenganisha ni wepesi wa kulenga na makali ya kioo. Katika makali ya milimita 400, pembeni hasa, ile ya 2014 imeipita ya 1998 wazi, na tofauti hiyo huonekana bila kuvaa miwani. Nayo hulenga kitu kilicho sentimita 98 tu mbele yake, ambapo ya kale huhitaji mita 1.8. Mjusi juu ya dirisha la gari ni mgeni wa ya pili, si wa ya kwanza. Yakifika saa sita za mchana katika Serengeti, hewa ikianza kucheza juu ya majani, hakuna kati yao itakayotoa picha kali ya mbali, na mwenye busara huweka kamera chini akala.

Lenzi ya 2020 ilishtakiwa kwa jambo moja kubwa: katika urefu wake wa mwisho tundu lake ni la namba 7.1, na zile mbili za kabla yake ni 5.6. Wengi walisema kwamba ni kurudi nyuma. Hesabu husema jambo la upole zaidi. Gawa 400 kwa 5.6, utapata tundu lenye upana wa milimita 71. Gawa 500 kwa 7.1, utapata 70. Tundu ni lile lile, ila mwanzi umerefuka, na ndege yule yule amechorwa mkubwa zaidi kwa nuru ile ile. Hakuna aliyeibiwa. Zamani muundo huo usingalifaa, kwa sababu kamera yenye kioo cha kupinduka hulenga kwa chombo kilichofichwa chini ya kioo hicho, na vyombo vingi vya aina hiyo hupoteza uhakika tundu likizidi namba 5.6. Kamera zisizo na kioo hulenga kwa sensa yenyewe ya picha, nazo huvumilia giza zaidi. Tena lenzi hii, ijapokuwa hufika 500, ina uzito wa gramu 1,370 bila ya kishikio chake, na ile ya 2014 ina 1,570. Kasoro yake ya kweli haisemwi sana: ukiitia kirefushio, haikubali kurudi chini ya milimita 300, na lenzi isiyoweza kurudi imepoteza nusu ya sababu ya kuitwa ya kuvuta.

Kijana aliipenda ya tatu. Ni haki kusema hivyo, maana baadaye alikana. Aliporudi kutoka safari ile alikwenda Tanga kumwamkia mjomba, na mjomba akaleta mkoba wa ngozi kutoka kabati la nguo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hii hapa. Sitaki bei ya duka. Lipa nusu ya ile ya mitumba, tena ulipe pole pole, na fedha iliyobaki mama yako apate paa. Dada yangu analala na ndoo kitandani, nawe wataka kununua kioo cha dola elfu mbili na zaidi?"

Neno hilo lilikuwa zito, na halikuwa la uongo. Kuikataa lenzi ya mjomba kwa kijana kama yule si jambo la vioo tu. Lakini alikuwa amefundishwa na wenzake namna ya kukagua lenzi iliyotumika, naye akaomba ruhusa ya kuitazama kwa kurunzi.

Ukaguzi huo wastahili kuelezwa, kwa kuwa huokoa fedha nyingi. Lenzi hufunguliwa tundu lake lote, kurunzi huwekwa upande wa nyuma, na jicho hutazama kutoka mbele kwa pembe, si moja kwa moja. Punje za vumbi zitaonekana, nazo si kitu; lenzi ina vumbi kama nyumba ilivyo na sisimizi. Ukungu wa kijivu ulioenea sawasawa ni mafuta yaliyopanda kutoka kwenye mitambo. Duara lenye rangi za upinde wa mvua pembeni ni gundi iliyoachia kati ya vioo viwili, na hilo ni gharama. Kisha huja adui wa pwani, kuvu. Hilo huonekana kama uzi wa buibui unaotambaa, au kama mizizi ya mche uliooteshwa glasini. Hupenda giza, joto na unyevu, yaani kabati la nguo la Tanga, Mombasa au Unguja lilivyo mwaka mzima. Likikaa sana hula ule utando wa Smakula, na baada ya hapo kulifuta ni bure, kwa kuwa alama yake imechongwa. Lenzi ya pwani ihifadhiwe ndani ya sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kukausha, wala si ndani ya ngozi, ambayo hunywa unyevu na kuutunza.

Kijana alitazama, akanyamaza. Mjomba, ambaye aliuza picha kwa miaka mingi na kuzijua nyuso za watu, alimwambia: "Sema, mwanangu. Kuvu halijui heshima, hata wewe usiliheshimu."

"Liko, mjomba. Kwenye kioo cha tatu au cha nne. Halijafika katikati."

Mzee alichukua kurunzi akatazama mwenyewe kwa muda mrefu. Ilikuwa lenzi aliyoinunua kwa mauzo ya msimu mzima.

Hapo ndipo jambo la mdomo wa kamera lilipoamua shauri. Canon ilipoacha mdomo wake wa zamani mwaka 1987 na kuanzisha EF, ilihamisha mawasiliano yote kati ya kamera na lenzi yakawa ya umeme. Mwaka 2018 ilipoanzisha mdomo wa RF kwa kamera zisizo na kioo, umbali kati ya mdomo na sensa ulipungua kutoka milimita 44 hadi 20. Milimita 24 zinazopungua hujazwa na adapta, pete tupu isiyo na kioo ndani, na lenzi ya EF ya zamani hufanya kazi kwenye kamera mpya pasipo kupoteza kulenga wala kutuliza. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haiwezi kuingia kwenye kamera ya EF, kwa kuwa nafasi yake imekwisha kaliwa na kioo cha kupinduka. Basi kwa kijana yule lenzi ya 2020 haikuwa lenzi moja, bali lenzi na kamera. Ile ya 2014 ilikuwa tayari kwa kamera aliyonayo na kwa kamera ambayo huenda angeipata miaka mitano mbele. Si kampuni zote zilizowafanyia wateja wao hisani hii. Lenzi nyingi za Nikon za kulenga zenyewe za miaka ya 1980 na 1990 hutegemea mota iliyo ndani ya kamera, na zikitiwa kwenye kamera za Z kwa adapta ya FTZ hulengwa kwa mkono tu. Mwenye nazo ana kioo kizuri na kidole chenye kazi.

Mjomba ndiye aliyetamka hukumu, labda kwa kuwa alijua kwamba kijana asingeitamka mbele yake. Alisema ile ya kuzungusha inunuliwe, iliyotumika, baada ya kukaguliwa kwa kurunzi hiyo hiyo, na akatoa sharti kwamba ya kwake ipelekwe Dar es Salaam kwa fundi wa kuisafisha wakati kuvu lingali pembeni, gharama iwe juu ya mpwa wake. Kijana alikubali yote mawili. Ile ya 2014 ilipatikana ikiwa na mkwaruzo kwenye kishikio na vioo safi. Ile ya 1998 ilirudi kutoka kwa fundi na doa dogo lisilotoka, ambalo halionekani katika picha ila jua likipiga mbele, nayo sasa hukaa ndani ya chombo cha plastiki cha kuhifadhia unga, na hutolewa siku za mpira. Mabati ya Muheza yalipigwa mwezi wa Februari, siku chache kabla ya masika.